Mizani Mbili za Kimya

Ukisimama stendi ya Kahama alfajiri, kabla jua halijachomoza, jambo la kwanza utakalolisikia ni jina la mji mwingine. Wapiga debe hawasemi "Mwanza" mara moja. Wanalisema mara mbili, mara tatu, mara nne bila kuvuta pumzi, na kila mara neno lilelile linatoka na uzito wake: la kwanza linaita, la pili linaharakisha, la tatu linakaribia kuwa kofi. Hivyo ndivyo jina hilo linavyotamkwa Geita, Shinyanga, Katoro na popote basi linapojaza abiria wa kuelekea ziwani. Fid Q alipouita wimbo wake "Mwanza Mwanza", sisi wa ukanda huu hatukusikia sifa ya mji peke yake. Tulisikia stendi.

Naanza na jina la wimbo kwa makusudi. Tumezoea kuihakiki hip hop ya Kiswahili kwa kuuliza msanii amesema nini: ameikosoa serikali, amewatetea wanyonge, amemlilia marehemu. Maswali hayo ni halali, ila yanamwacha mtunzi nje ya mlango. Usiku kucha yeye alikuwa akihesabu silabi, halafu asubuhi sisi tunamuuliza maoni yake kuhusu maisha. Anayetaka kujua kwa nini mstari fulani haumtoki kichwani miaka 15 tangu ausikie, hana budi kukaa chini ahesabu naye.

Fareed Kubanda, ndiye Fid Q, alizaliwa Mwanza mwaka 1980. Alipoanza kujulikana, Mwanza ilikuwa zaidi ya mji wa kando ya ziwa. Mkoa wenye jina hilo uliikumbatia Geita pamoja na dhahabu yake, pamoja na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, kwa vipande vilivyomegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kijana wa Nyarugusu aliyeukariri wimbo ule shimoni, kabla ya mwaka huo, alikuwa akilitaja jina la mkoa wake mwenyewe.

Kwetu neno "andagraundi" ni jina la foleni: msanii ambaye redio haijamcheza, anayesubiri zamu. Lakini wako ambao foleni imegeuka kuwa makazi yao. Wanajirekodia, wanajisambazia, wanawauzia wanaowajua, na miaka inakatika wakiwa hapohapo, tena kwa fahari. Fid Q amekaa mpakani. Alitoa albamu ya Propaganda mwaka 2009 nchi nzima ikimjua. Mwaka 2017 wimbo wake "Fresh" ulirudiwa akiwa na Diamond Platnumz na Rayvanny. Bado wachanaji wasiojulikana wa Kanda ya Ziwa wanamwendea kama mtu anavyomwendea mwalimu. Naamini sababu iko katika umbo la mistari yake kuliko katika maudhui yake, na albamu yake ya kwanza iliutangaza ukweli huo juu ya jalada: Vina Mwanzo, Kati na Mwisho.

Lisome jina hilo kama sheria, kwa maana ni sheria. Kila aliyepita sekondari anakumbuka somo la shairi la kimapokeo: kina cha kati, kina cha mwisho, mizani 8 kwa 8. Aliyetuandikia kanuni hizo kitabuni ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, mwaka 1954. Kanuni ile inataja vina viwili. Huyu wa Mwanza anaongeza cha tatu, na anakiweka mbele ya vyote, mahali ambapo mtunzi wa kale hakudaiwa kitu. Aliyejibebesha mzigo wa ziada kuliko aliodaiwa na walimu wake hawezi kuambiwa kwamba ameikimbia mila.

Sasa tuhesabu. Mdundo wa kawaida wa hip hop una mapigo manne kwa kila mstari. Pigo la kwanza na la tatu ni la kiki, ile ngoma nzito ya chini. La pili na la nne ni la snea, ile kali inayopasuka. Kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16. Mizani 16 za mshororo, nafasi 16 za mdundo! Mara ya kwanza nilipolitambua hilo niliweka kalamu chini. Na tena: ubeti wa kimapokeo una mishororo minne, na vesi ya mchanaji ina mistari 16, yaani beti nne kamili. Mtu angedhani kwamba shairi la Kiswahili lilikuwa limekaa tayari likiungoja mdundo huu ufike.

Lakini jaribu kulichana. Chukua mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya jaribio: Shimoni nimeingia, malipo sikuyaona. Mizani 8 na 8, hakuna wa kuulaumu. Uweke juu ya mdundo, silabi moja kwa kila nafasi, nawe utakwama mara mbili. Kwanza, huna pa kupumulia. Nafasi ya 16 inamalizika na mshororo unaofuata umeshafika mlangoni. Pili, na hili ndilo zito zaidi, vina vyako vinaangukia mahali pasipo na ngoma. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "sikuyaona" mkazo uko kwenye "o", nafasi ya 15, wakati snea imeshapiga kwenye ya 13 na kunyamaza. Mshairi wa kale hakusumbuka na jambo hilo kwa sababu shairi lake liliimbwa, na sauti ya kuimba inaweza kuinyanyua silabi dhaifu ya mwisho na kuibeba hadi ikasikika. Mchanaji hana sauti ya kuimba ya kumsaidia. Ana ngoma tu, na ngoma haimbembelezi mtu.

Afanyeje? Anakata. Sikiliza mstari mwingine, nao pia ni wangu: Shimo lina kimo, na kwenye malipo simo. Hesabu: mizani 14. "Shi" inaangukia nafasi ya 1, juu ya kiki. "Ki" ya "kimo" inaangukia nafasi ya 5, juu ya snea. "Si" ya "simo" inaangukia nafasi ya 13, juu ya snea ya pili. Vina mwanzo, kati na mwisho, kila kimoja na ngoma yake, na kila kimoja kimeshika silabi mbili badala ya moja: ile yenye mkazo pamoja na ile ya mwisho. Katika mshororo wa kwanza kina kilikaa kwenye silabi iliyo dhaifu kuliko zote katika neno. Katika mstari huu kimerudi nyuma hatua moja kikakalia ile yenye nguvu. Mabadiliko yenyewe ni silabi moja kurudi nyuma. Humo ndimo ilimo tofauti kati ya shairi la gazetini na mstari wa kuchanwa.

Zimebaki nafasi mbili, ya 15 na ya 16. Hazina neno. Kwa mdundo wenye mapigo 90 kwa dakika, nafasi hizo mbili ni theluthi moja ya sekunde. Ni kidogo mno kwa saa ya ukutani, lakini kwa sikio ni uwanja mpana. Humo ndimo mchanaji anapovuta pumzi, na humo ndimo "simo" inapozama ndani yako kabla hajakuletea jingine. Ninapomsikiliza Fid Q, ile sauti yake nzito isiyo na haraka, ninachokisubiri ni kile kipande cha kimya baada ya kina cha mwisho. Wachanaji wengi wenye kasi kuliko yeye wanakijaza kwa maneno, kana kwamba nafasi tupu ni deni. Yeye anaiacha tupu, na utupu huo unaifanya kauli iliyotangulia isikike kama methali hata kama imetungwa wiki iliyopita.

Hapa inanibidi niwataje watu wawili ambao hawakuwahi kuchana.

Wa kwanza ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilohilo. Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, iliachana na vina na mizani, ikazua ugomvi uliodumu miaka mingi kati ya walinzi wa kanuni na wale waliotaka shairi liseme kama mtu asemavyo. Alichokifanya Kezilahabi, ukiacha kelele za ugomvi, ni kuingiza kimya katika shairi la Kiswahili. Alikata mstari kabla haujajaa, akaacha karatasi nyeupe iseme iliyobaki. Sheria ya mizani 16 haikuwa na chombo cha kuandikia kimya. Kila nafasi ilidaiwa silabi yake.

Wa pili ni Kulikoyela Kahigi, ambaye wapiga kura wa Bukombe watamkumbuka kama mbunge wao kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Bukombe ilikuwa Shinyanga, leo ni Geita. Kabla ya siasa, Kahigi alikuwa mwanaisimu na mshairi. Pamoja na Mugyabuso Mulokozi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakitetea kwamba ushairi una njia nyingi na hauishii kwenye vina na mizani. Jina la diwani ile ya kwanza linanigusa kila ninapolitaja. Miaka mitano kabla yake Ahmad Nassir wa Mombasa alikuwa ametoa Malenga wa Mvita. Hawa wakaitikia kutoka huku kwetu, bara, kwamba huku nako kuna malenga. Ukanda ambao watu wa Dar es Salaam waliujua kwa pamba, almasi ya Mwadui na dhahabu ulikuwa tayari na wananadharia wa umbo la shairi, miaka mingi kabla ya studio ya kwanza ya hip hop kufika.

Ugomvi ule uliacha pande mbili: wenye vina bila kimya, na wenye kimya bila vina. Mstari wa mizani 14 una vyote viwili. Unashika kina kwa nguvu kuliko Amri Abedi alivyoagiza, na unaacha nafasi kama Kezilahabi alivyofundisha. Sijaona upatanisho mwingine wa ugomvi huo uliofanyika kwa ukamilifu namna hii, na umefanywa na vijana ambao wengi wao waliviacha vitabu hivyo kwenye meza ya darasa.

Walijifunzia wapi, basi? Jibu jepesi ni Marekani, na lina ukweli wake. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, DJ Kool Herc alichukua santuri mbili za wimbo mmoja akakirudiarudia kile kipande ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Hip hop ilianzia hapo, kwenye kimya cha mwimbaji. Lakini sisi tulikuwa na jembe. Nyimbo za kazi za Wasukuma, ambazo Frank Gunderson alizikusanya zaidi ya 300 katika kitabu chake cha mwaka 2010, zilitungwa kwa watu wanaolima kwa safu moja, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Katika bugobogobo neno linaongozwa na pigo la jembe. Mwimbaji anamaliza kauli yake kabla chuma hakijagusa udongo, kwa sababu kikigusa hakuna atakayemsikia. Nafasi ya chuma haijazwi neno. Na ningi, yaani mtunzi kiongozi, anapoongoza ngoma ya mashindano ya Bagika na Bagalu, pale ambapo makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja na watazamaji wanapiga kura kwa miguu yao, huacha nafasi ili kundi lake liitikie. Kimya chake ni mlango wa wenzake. Mtoto aliyekulia Shinyanga ana elimu hiyo masikioni kabla hajajua kuandika jina lake.

Ikiwa mchanaji anaandika mizani 14, nani anaandika mbili zilizobaki? Ni mtayarishaji. Ndiyo sababu naona tunamdhulumu tunapomtaja mwishoni, kama fundi aliyesaidia. Yeye ndiye mshairi wa nafasi ya 15 na ya 16. Anaweza kukata midundo yote ili kimya kiwe kimya kweli. Anaweza kulirudisha neno la mwisho kwa mwangwi, "simo, simo", na papo hapo kauli ya mtu mmoja ikawa kauli ya shimo zima. Anaweza kuisogeza snea kidogo kutoka mahali pake, kama alivyofanya J Dilla wa Detroit, ambaye albamu yake ya Donuts ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku tatu kabla hajafariki. Katika kazi zake ngoma huingia kama mtu aliyesita mlangoni, na nafasi tupu haina kipimo kimoja. Kila uamuzi wa namna hiyo unabadilisha maana ya mstari ambao yeye hakuuandika.

Hapo mwanzo hatukuwa na huyo mshairi wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice. Maneno yalikuwa ya kwetu, kimya kilikuwa cha watu wengine. Walipokuja watayarishaji kama Master J na P-Funk wa Bongo Records ndipo nafasi zile zikaanza kuandikwa hapa nchini. Leo, katika vyumba vya Kahama na Katoro vyenye kompyuta moja, programu ya FL Studio, trei za mayai ukutani na godoro dirishani, mchanaji na mtayarishaji mara nyingi ni mtu mmoja. Ufukara ndio uliowaunganisha, kwani hakuna fedha ya kumlipa mwingine. Ila tazama matokeo yake katika umbo: mtu huyo anajua, wakati anaandika silabi ya 13, ngoma gani itamjibu kwenye nafasi ya 15. Anaandika mizani zote 16.

Wachimbaji wadogo wa Geita wana neno ambalo nadhani linaieleza kazi yake kuliko neno lolote la studio. Jiwe likishatoka shimoni linasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inanaswa kwa zebaki. Mchanga unaobaki hautupwi. Unaitwa marudio. Unakusanywa, unauzwa kwa mwenye mtambo wa kuchenjulia kwa sainaidi, na mara nyingi huyo wa pili anapata dhahabu kuliko aliyeingia shimoni. Mtayarishaji naye anaishi kwa marudio. Anachukua sekunde nne za gitaa la bendi ya zamani, kipande ambacho wimbo wenyewe ulikipita bila kukiangalia, anakizungusha, anakipunguza kasi, na humo ndani inatoka kitu ambacho waliokirekodi hawakujua kwamba wanacho. Mizani ya Amri Abedi nayo imepita kwenye mtambo huohuo.

Nisiwe mtetezi tu. Mstari wa vina vitatu una gharama yake, na Fid Q ameilipa mara kwa mara. Kwa kuwa kila mstari unajifunga kwa kishindo, kila mstari unajitosheleza, na mistari toshelezi 16 mfululizo haiendi popote. Unabaki na nondo 16 nzuri zilizopangwa pembeni kwa pembeni. Ungeweza kuzibadilishia nafasi na usipoteze kitu. Hadithi inahitaji mistari mishata, ile inayovuka mpaka na kumwaga maana yake katika mstari unaofuata. Professor Jay aliliweza hilo katika "Zali la Mentali": vina vyake ni vyepesi, nyakati nyingine vya kawaida kabisa, lakini kisa kinatembea. Fid Q hasimulii hivyo. Hata neno alilolibuni kuwa jina la albamu nyingine, Kitaaolojia, lina tabia ileile: mtaa umegeuzwa kitaa, kitaa kikavishwa mkia wa saikolojia na sosholojia, na tayari ni nadharia nzima ndani ya silabi saba. Limekamilika na limejifunga. Ni neno ambalo halina haja ya sentensi, na sentensi ndiyo inayobeba mtu kutoka asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo kazi haijaisha, na inawangoja watu wa ukanda wenyewe. Lugha ya huku imeshawaandalia vina. Lisikilize neno "duara", ambalo kwingine ni umbo la hisabati na kwetu ni shimo la dhahabu, kisha usikilize yanayofuatana nalo bila kulazimishwa: hasara, biashara, mshahara, kafara. Kisa kizima cha kijana aliyeacha shamba Kishapu akaenda Rwamgasa kimo ndani ya kina kimoja cha -ara, na irabu yenye mkazo ni ileile katika maneno yote matano. Kuna "magwangala", yale mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa ambayo wananchi wa Geita waliyadai miaka mingi, silabi nne zinazojaza pigo moja kamili. Anayetaka kusimulia anavyo vyombo. Inabidi tu aruhusu kisa kivuke ukingo wa mstari, na awe na ujasiri wa kukiacha kina kimoja kilale.

Nimewahi kusikia jaribio la namna hiyo. Lilikuwa kwenye memori kadi niliyojaziwa nyimbo katika kibanda kimoja cha Katoro, faili lisilo na jina la msanii, namba tu. Kijana anasimulia usiku mmoja wa kungoja zamu ya kusagiwa mawe yake. Vina vyake havikazi kila mahali, na mstari wa sita unamwagikia wa saba bila aibu. Kila anapofika nafasi ya 15 ananyamaza, mdundo nao umekatwa, na katika ile theluthi ya sekunde, nyuma ya godoro la dirishani, unasikia karasha ikisaga. Aliyeitayarisha hakuifuta.